Mjumbe wa Tatu Kutoka Kushoto

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka alfajiri, nikaoga, nikavaa aproni. Mke wangu akanitazama kutoka jikoni akaniuliza, "Method, unakwenda kupaka nini?" Niliivua aproni, nikanywa chai taratibu, na mchana wake nikaanza kuwaandikia ninyi mliobaki karakanani hapa Dar es Salaam, mnaonakili picha na kuzitia fremu, ambao kila nilipofika katikati ya habari za Guangzhou mlinikatiza kwa sababu mteja ameingia. Sasa hakuna mteja. Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Nilitoka Bukoba kwenda Guangzhou kusomea uchoraji kwa ufadhili wa serikali. Nilipomaliza sikurudi nyumbani kama mama yangu alivyotangaza kanisani. Niliajiriwa kwenye karakana ya kunakili picha za rangi za mafuta, ghorofa ya juu ya jengo lililokuwa zamani kiwanda cha miavuli, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Xiaobei. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Waafrika wa mtaa ule tulikuwa bado wachache kiasi cha kujuana kwa majina na kujua nani anadaiwa na nani, na mgeni akishuka na begi lake asubuhi, jioni tayari tunajua anatafuta mapazia au redio.

Siku ya kwanza nilikwenda na brashi zangu zote, nimezifunga kwenye kitambaa safi, nikidhani nitaonyesha ufundi. Fundi mkuu aliitwa Liang. Sisi sote tulimwita Shifu, jina ambalo Wachina humpa mwalimu wa kazi za mikono. Alikuwa mtu mwembamba, mvutaji sigara, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Alizipokea brashi zangu kwa heshima, akaziweka juu ya kabati, akanipa rula na penseli. Kwa muda mrefu kazi yangu ikawa kuchora miraba: miraba midogo juu ya nailoni inayofunika picha ya asili, miraba mikubwa juu ya kanvasi, ili kila kilichomo kwenye mraba mdogo kihamie kwenye mkubwa bila kupotea njia. Nilinung'unika sana. Leo nikiona kijana anarusha picha ukutani kwa mashine na kuifuatisha kwa penseli, mkono wangu unawasha kumnyang'anya.

Kazi pale iligawanywa. Mmoja alipaka mbingu tu, mwingine nguo na mazulia, mwingine mikono, na nyuso zilikuwa za Shifu mwenyewe. Picha zilisimama mstari mzima ukutani bila vichwa, zikimsubiri. Lakini hata yeye hakuwa na muda wa kila uso. Picha inapokuwa na umati nyuma, na picha ya asili haionekani vizuri, tulitumia tulichokiita uso wa akiba. Uso wetu wa akiba ulikuwa wa Shangazi Chen, mpishi wa karakana, mwanamke wa mashavu mapana na mdomo uliopinda kidogo upande wa kulia. Sote tuliujua kwa moyo. Tulimgeuza huku na huku, tukamtia ndevu, tukamvika kofia ya chuma au joho. Shangazi Chen amekwenda hoteli nyingi za dunia hii akiwa askari, mtawa na mvuvi, na yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege.

Mengine niliyojifunza pale nawapa bure. Picha ya mafuta ikikunjwa kuwa roli, rangi ikae upande wa nje. Ikikaa ndani itajikunja na kupasuka. Kwenye kontena la kwenda bandari ya Huangpu roli zinakaa juu kabisa, mbali na mlango, kwa sababu unyevu huanzia mlangoni. Na kuna msimu pale, baridi inapoisha, kuta na sakafu zinatoka jasho na rangi inakataa kukauka. Wakati huo usimwahidi mteja kitu.

Oda kubwa zaidi zilikuwa picha za majumba ya kifalme ya Ulaya. Wenye hoteli walizipenda, nadhani kwa sababu ya mazulia. Nyingi zilionyesha mfalme akipokea mabalozi kutoka nchi za mbali, na baada ya kuchora miraba juu ya picha hizo kwa miaka, nilianza kuona jambo ambalo darasani hakuna aliyenifundisha. Katika zile za zamani sana, za wakati Wazungu walipokuwa bado wanaomba ruhusa ya kununua pilipili, balozi mgeni amechorwa peke yake. Amesimama wima, anakutazama machoni, na mchoraji ameuhangaikia uso wake mpaka kovu la kwenye nyusi unaliona. Meli zao zilipozidi, balozi akaanza kusogezwa pembeni. Halafu akainamishwa. Halafu akageuzwa kisogo. Kadiri makoloni yalivyoongezeka ndivyo wajumbe walivyopungua kimo, hadi wakafika mahali ambapo mwanga wote wa dirishani unamwangukia mfalme, na mjumbe anabaki kilemba, joho na kivuli. Kilemba chenyewe ni kile kile, kavaa Mwajemi, kavaa Mhindi, kavaa mtu wa Kongo. Nadhani kilitundikwa kwenye msumari wa karakana fulani, kikimsubiri balozi yeyote atakayetokea. Nilinakili picha moja ambamo mbwa wa malkia ana uso wenye huzuni yake mwenyewe, na balozi aliyevuka bahari ana mgongo tu.

Nilimwambia Shifu jambo hili linaniudhi. Alikuwa anapaka kidevu cha mfalme na hakugeuka.

"Kuna picha ya balozi wa Kizungu mbele ya mfalme wetu wa zamani," alisema. "Mzungu aliyeichora amemsimamisha balozi wao, na maofisa wetu amewaweka chini, vipaji vya nyuso sakafuni. Nimeinakili mara nyingi. Sijamwinua mtu wala sijamlaza mtu. Mnakili haongezi, mnakili hapunguzi."

"Na hukukasirika?"

"Nilikasirika. Kisha nikamalizia sakafu."

Mambo yalikuwa hivyo hadi alipokuja Bi Salma. Alikuwa mfanyabiashara wa Unguja aliyekuja kununua mapazia na vyombo vya harusi, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye uso mwembamba na macho makubwa yaliyokaa mbalimbali. Ajenti wa mizigo wa ghorofa ya chini ndiye aliyemwelekeza kwetu. Alipanda ngazi akihema, akanikuta na rula yangu.

"Wewe ndie Method? Nimeambiwa yupo Mhaya anapaka rangi na Wachina, nikasema huyo sharti nimwone kwa macho yangu." Akakaa, akatoa kwenye mkoba ukurasa mkubwa uliokatwa kwenye kitabu cha kigeni, umekunjwa mara mbili na kuchakaa mikunjoni. "Hebu nitazamie hichi."

Ilikuwa picha ya ukumbi wa mfalme mmoja wa Ulaya. Upande wa kulia mfalme, malkia na watu wao. Upande wa kushoto, gizani kidogo, wajumbe waliovaa vilemba na majoho, wamebeba zawadi. Bi Salma aliweka kidole juu ya mmoja wao.

"Huyu wa tatu kutoka kushoto, alieshika kasha, ndie babu yake babaangu, mzaa mama yake. Alikwenda Ulaya na ujumbe wa watu wetu wa pwani. Habari hii kwetu kila mtu anaijua. Babaangu ameitundika karatasi hii ukumbini tangu mie mdogo, kila mgeni lazima aoneshwe babu. Sasa macho yanamwisha, kaka'ngu. Daktari kasema haitochukua muda hatoona kitu. Ananambia, 'Salma, nataka nimwone babu yangu sura kabla sijaingia kizani.' Nikaikata kwenye fremu nikaja nayo. Nifanyie kubwa. Huyu wa tatu nimwone mpaka kope."

Nilimwambia tutaifanya. Nilisema kwa moyo mweupe kabisa, na kwa kuwa alikuwa anaondoka karibuni, nilianza miraba mchana ule ule.

Kwenye ukurasa uso wa mjumbe yule haukuzidi kucha ya kidole kidogo, kwa hiyo Shifu alichukua lenzi yake ya meza akainama juu yake. Alikaa hapo muda mrefu. Akahamia kwa mjumbe wa pili, wa nne, kisha kwa balozi mwenyewe. Akaniita. Niliangalia nisione kitu, nikaangalia tena, nikaona. Pua ilikuwa moja. Mfereji ulioshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo ulikuwa mmoja. Kichwa kiligeuzwa tu, huyu akatazama chini, yule akatazama kando, mmoja akapewa ndevu na mwingine mvi. Shifu akasogeza lenzi hadi upande wa mfalme, kwa mtumishi mweupe aliyeshika pazia. Pua ilikuwa ile ile.

"Na yeye alikuwa na Shangazi Chen wake," alisema.

Wenye karakana tunaujua mchezo huu, ndiyo maana tuliutambua. Mchoraji yule alimkodi mtu mmoja wa mtaani kwao, akamkalisha, akampaka weusi, akamtumia kwa ujumbe mzima. Sidhani kama aliwahi kuingia ukumbi ule. Wajumbe wa kweli walikuja, wakapokelewa, wakaondoka, na hakuna aliyeona haja ya kuwatazama kwa makini.

Nilikasirika kuliko nilivyotegemea. Nikamwambia Shifu basi tumtungie mjumbe uso mzuri, wa heshima, mzee afurahi. Alikataa.

"Uso wa kutunga na uso wa akiba vina tofauti gani? Mzee ataagana na nani? Wewe hujui, mimi sijui." Akawasha sigara. "Umati nyuma ya askari, sawa. Lakini mtu amekuja kutafuta mtu wake. Hatumpi Shangazi Chen mwingine. Mwambie ukweli, halafu yeye ataamua."

Ni rahisi kusema hivyo kama si wewe unayejua Kiswahili. Bi Salma alipokuja kesho yake, mikono imejaa sampuli za mapazia, nilimkalisha juu ya kreti nikamshikisha lenzi. Nilimwonyesha pua moja baada ya nyingine. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Alifika kwa mtumishi wa pazia kabla sijamfikisha.

"Kwa hivyo hayumo," alisema.

"Labda alikuwepo ukumbini. Kwenye picha hayumo."

"Watu wamekwenda mbali kote huko, wamebeba zawadi za watu, na huyo bwana hajawatazama hata uso?" Alishusha lenzi. Kisha hasira ikanigeukia mimi, kwa kuwa mchoraji hakuwepo. "Na wewe ungenyamaza ungepungukiwa nini, Method? Mie nilikuja na picha. Sikuja na suala."

Akaondoka, akaacha ukurasa mezani na sampuli zake kwenye kreti. Siku ile sikufanya kazi ya maana. Nilichora mraba, nikafuta, nikachora tena, mpaka yule wa mbingu akaniuliza kama naumwa.

Alirudi siku iliyofuata, mchana, ametulia. Alisema alitaka kumwambia baba yake kazi imeshindikana, akaona hawezi, maana mzee atakaa kizani maisha yake yote yaliyobaki akiukumbuka uso wa kibarua wa Kizungu. "Babaangu simdanganyi, na n'tamwambia yote. Lakini sitomwambia mikono mitupu. Mpakieni uso wa babaangu mwenyewe. Yeye ni mjukuu, si ndio? Atakuwa amemshabihi." Akatoa picha ndogo ya pasipoti ya mzee. Imefifia, na macho yenye maradhi hayakuonekana vizuri.

Nilimtafsiria Shifu. Aliitazama picha, akamrudishia kwa mikono miwili kama adabu yao ilivyo.

"Picha ndogo isiyoonekana ndiyo iliyotuingiza kwenye shida hii," alisema. "Mwulize, yeye mwenyewe si damu ya yule mjumbe?"

"Ni kitukuu."

"Basi akae."

Nilipomfikishia, Bi Salma alidhani namtania. "Mie? Mie niwe babu? Na ndevu je?"

"Ndevu tutakukopesha," nilimwambia, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Tulimweka karibu na dirisha kubwa. Aliukaza mtandio wake vizuri, akashika kasha la rangi mikononi kwa kuwa mjumbe alishika kasha. Nataka mwelewe jambo lililokuwa likitokea pale. Karakana ile ilinakili maelfu ya nyuso, na kwa miaka yote niliyokuwepo hakuna mtu hai aliyewahi kukaa mbele ya brashi. Mtu wa mbingu aliacha mbingu yake, wa mazulia akaacha mazulia, Shangazi Chen akatoka jikoni na mwiko. Shifu alifuta brashi ambayo tayari ilikuwa safi. Akaanza na paji la uso.

"Mwambie asitabasamu," alinong'ona. "Balozi hatabasamu kabla hajapewa kiti."

"Mwambie mgongo unaniuma," alijibu Bi Salma, "na babu pia ulimuuma, kusimama kote kule."

Shifu alifanya kitu kingine ambacho sikukitegemea kwa mtu aliyesema mnakili haongezi. Mjumbe wa tatu kwenye ukurasa alitazama sakafu. Shifu alimwinua macho. Si sana, kiasi tu kwamba ukisimama mbele ya picha unaona unatazamwa. Nilimkumbusha kanuni yake. Akaniambia nikanawe brashi.

Picha nzima tuliinakili kama ilivyo, mfalme wao, mbwa wao, mtumishi wa pazia, na wale wajumbe wengine na pua yao ya kukodi, kwa sababu hao hatukuwa na mtu wa kuwasemea. Uso mmoja tu ulikuwa wa kweli. Tulipaka rangi nyepesi ili ikauke upesi, tukaiweka karibu na jiko la Shangazi Chen, nikaikunja mwenyewe, rangi upande wa nje, karatasi laini kati. Mapazia na vyombo vilikwenda Huangpu kwa meli. Picha aliibeba mkononi, na kwenye uwanja wa ndege alibishana na watu mpaka ikaingia naye ndani.

Kisha hatukupata habari zake. Nilikuwa nikiwaza jinsi atakavyomwambia mzee kwamba babu aliyemwonyesha kila mgeni maisha yake yote hakuwa babu. Kuna siku nilijuta kwamba tulimwonyesha ile lenzi. Nilimwuliza Shifu kama anawaza pia, akasema yeye ana kidevu cha mfalme cha kumalizia, lakini kila ajenti wa chini alipopanda ngazi niliona anageuza kichwa.

Bi Salma alirudi miezi kadhaa baadaye kufuata mapazia mengine, na kabla hajaenda sokoni alipanda kwetu. Shangazi Chen alimletea chai. Alituambia mzee bado anaona kidogo, upande mmoja. Siku aliyofika nyumbani na picha alimkalisha kwenye kiti, akaitandika picha mbele yake mchana kweupe, akamweleza yote bila kuficha: kibarua, pua, mtumishi wa pazia.

"Nikamwambia, 'Baba, uso huu si wake. Mzungu hakumchora. Huyu nimekaa mie.' Akanambia, 'Nisogeze.' Nikamsogeza mpaka pua inagusa turubai. Akatazama, wallahi, nikadhani amesinzia. Halafu akaanza kulia."

Nilimtafsiria Shifu mpaka hapo. Aliizima sigara yake.

"Mamaake alikufa yeye mdogo, hajaanza hata chuo cha Kurani," Bi Salma aliendelea. "Picha hakupigwa, nani angempiga picha wakati ule? Mie bibi simjui, hakuna aliepata kunambia nimefanana na mtu. Na babaangu mwenyewe alishasahau, ananiona kila siku nimevaa buibui napiga kelele za biashara, atajuaje? Lakini pale kwenye picha nimetulia, nimenyamaza, namtazama. Akaweka mkono juu ya uso ule. Akasema, 'Huyu mama.'"

Shifu alivua miwani akaanza kuifuta kwa aproni yenye rangi, akaichafua zaidi.

"Na wageni?" nilimwuliza mwishowe. "Bado anawaonyesha picha?"

"Anawaonesha! Kila anaekuja anamshika mkono mpaka mbele ya ukuta. Yupo pale mjumbe wa tatu na kilemba chake na ndevu zake zote, na babaangu anawambia, 'Huyu ni mama yangu.' Wanatoka nje wananishika pembeni, wananipa pole, wanasema mzee ameanza kuchanganyikiwa." Alikunywa chai yake. "Nami nawaitikia, 'Ahsanteni, tumeshapoa.'"